Remmy Ongala

Remmy Ongala (jina kamili: Ramazani Mtoro Ongala, Kindu, 10 Februari 1947 – Dar es Salaam, 13 Desemba 2010) alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa, mtunzi na kiongozi wa bendi nchini Tanzania, mwenye asili ya nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Anajulikana hasa kwa kuongoza bendi ya Orchestre Super Matimila kuanzia miaka ya 1980, na kwa nyimbo zake za Kiswahili kuhusu umaskini, kifo, haki na ugonjwa wa UKIMWI. Mashabiki walimwita "Dokta Remmy". Ni mmoja wa wanamuziki wachache wa dansi wa Tanzania waliorekodi na kupiga muziki Ulaya kupitia mtandao wa tamasha la WOMAD na kampuni ya Real World Records ya Uingereza.

Kwa sehemu kubwa ya kazi yake Remmy aliongoza bendi katika nchi ambako vyombo vya muziki vilikuwa vya mwenye bendi, studio ilikuwa ya redio ya taifa, na sahani za santuri zilifyatuliwa nchi jirani. Mwanamuziki alibaki na sauti, maneno na watu waliokuja ukumbini. Hali hiyo inasaidia kueleza namna alivyotunga na sababu ya nyimbo zake kudumu.

Maisha ya awali

Remmy alizaliwa Kindu, mji ulio kando ya mto Lualaba katika eneo la Maniema, wakati Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji. Maniema ni sehemu ya mashariki ya Kongo ambako Kiswahili kilifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani na Zanzibar, ikiwemo ile ya Tippu Tip. Lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa huko huitwa Kingwana. Kwa hiyo Remmy alipofika Tanzania akiwa mtu mzima, lugha haikuwa ngeni kwake, ingawa matamshi yake yaliendelea kuonyesha alikotoka.

Baba yake alikuwa mwanamuziki wa ngoma za asili aliyejulikana mjini hapo. Alifariki mwaka 1953, Remmy akiwa na umri wa miaka sita. Mama yake naye alifariki kabla Remmy hajatimiza miaka ishirini, akabaki yatima mwenye ndugu wadogo. Hakuendelea na shule; muziki ukawa njia ya kupata riziki.

Jina la "Dokta" lina historia ambayo mwenyewe aliisimulia mara nyingi. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake. Alipopata mimba tena alikwenda kwa mganga, akashauriwa ajifungulie msituni na asimnyoe mtoto nywele. Mtoto alizaliwa akiwa na meno mawili ya mbele, jambo lililochukuliwa kuwa dalili ya mtu atakayekuwa mganga. Baadaye, katika miaka ya 1980, nywele zake ndefu za rasta zilikuwa sehemu ya sura yake jukwaani, na wengi walizihusisha na Bob Marley. Kwa Remmy mwenyewe mwanzo wake ulikuwa Kindu.

Kuanza muziki

Akiwa kijana Remmy alijiunga na bendi iliyoitwa Bantu Success, akipiga ngoma na kuimba, kisha akajifunza gitaa. Huo ulikuwa wakati wa rumba ya Kikongo, iliyochanganya midundo ya Kuba iliyofika kwa santuri na mapigo ya magitaa yaliyobuniwa Léopoldville na Brazzaville. Kwa miaka kadhaa alipiga muziki na bendi mbalimbali mashariki mwa Kongo na nchini Uganda.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam na kujiunga na Orchestra Makassy, bendi iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy. Wakati huo jiji lilikuwa na wanamuziki wengi kutoka Kongo. Orchestra Maquis ilikuwa imekwisha kujijengea jina, na bendi za Watanzania kama NUTA Jazz, iliyobadilishwa jina kuwa JUWATA, na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka huohuo, zilishindana nayo kila mwisho wa wiki.

Wimbo wa kwanza alioutungia Makassy, "Siku ya Kufa", ulimtambulisha kwa wasikilizaji wa Tanzania. Ulikuwa wimbo wa maombolezo, na kifo kiliendelea kuwa moja ya mada zake kuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Makassy ilihamia Nairobi. Huko ilirekodi albamu Agwaya, iliyotolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza mwaka 1982. Remmy hakwenda nayo. Alibaki Dar es Salaam na kujiunga na bendi nyingine, Orchestra Matimila.

Orchestre Super Matimila

Jina Matimila ni la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Vyombo vya bendi vilimilikiwa na mfanyabiashara. Baada ya Remmy kuwa kiongozi, bendi ilijulikana kama Orchestre Super Matimila, na kwa watu wengi jina lake na jina la bendi vikawa kitu kimoja.

Remmy aliimba na kupiga gitaa, lakini hakuwa mpiga solo mkuu wa bendi. Kazi hiyo ilifanywa kwa muda mrefu na Batii Osenga. Kama ilivyo kawaida katika muziki wa dansi, magitaa yaligawana kazi: solo ilipiga sauti ya juu yenye kujirudia, solo ya pili ilijibu katikati, rithimu ilishika mwendo, na besi ilifunga chini pamoja na drams na tumba. Baadhi ya bendi kubwa za Dar es Salaam zilitegemea sana tarumbeta na saksafoni. Kwa Super Matimila magitaa ndiyo yaliyobeba wimbo.

Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole, na humo mwimbaji hutoa kisa au mafundisho. Ya pili huitwa chemko: mwendo huongezeka, magitaa huchukua nafasi na watu hujaa uwanjani kucheza. Remmy alitumia mpango huo kwa namna yake. Mara nyingi aliendelea kusema na kuhubiri hata ndani ya chemko, akitaja majina, akiuliza maswali na kujijibu. Mtindo wa bendi aliuita "bongo beat". Neno bongo humaanisha akili, na baadaye katika lugha ya mitaani limekuwa jina la Dar es Salaam na la Tanzania yote, kwa maana kwamba ili kuishi huko lazima mtu atumie akili.

Mazingira ya kazi

Ili kuelewa kazi ya Remmy ni lazima kujua jinsi muziki ulivyoendeshwa Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980.

Kwanza ni suala la vyombo. Magitaa ya umeme, vikuza sauti na drams vilitoka nje na vilihitaji fedha za kigeni, ambazo katika miaka hiyo ya uchumi mgumu zilikuwa adimu. Kwa sababu hiyo bendi nyingi zilikuwa za taasisi au za wafanyabiashara. JUWATA ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, na bendi nyingine zilikuwa za majeshi, mashirika ya umma au watu binafsi wenye kumbi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mwenye vyombo akivichukua, bendi ilisimama hata kama wanamuziki wote walikuwapo. Ndiyo maana wanamuziki walihamahama sana, na bendi mpya ilipoanzishwa ilianza kwa kuwavuta wapigaji wa bendi nyingine.

Pili ni suala la kurekodi. Studio iliyotegemewa na bendi ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Kabla ya kurekodiwa, maneno ya wimbo yalipitiwa na kamati ya redio. Wimbo uliokubaliwa ulirekodiwa kwa wakati mmoja, bendi nzima ikipiga pamoja, na kuhifadhiwa katika maktaba ya redio. Tanzania haikuwa na kiwanda kilichofanya kazi cha kufyatulia santuri, kwa hiyo santuri zilitoka Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa kati ya mwaka 1977 na 1983, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Kaseti zilipoenea, nyingi zilinakiliwa madukani bila mtunzi kupata chochote.

Tatu ni suala la kuwafikia wasikilizaji. RTD ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara hadi sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Katika mikoa ya mbali kama Mtwara na Lindi redio ilikuwa na uzito zaidi. Barabara ya kusini ilitegemea kivuko cha mto Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na wakati wa masika safari iliweza kukatika. Kwa msikilizaji wa Mtwara, bendi ya Dar es Salaam ilikuwa kwanza sauti ya redioni, kisha kaseti, na mara chache watu walioonekana kwa macho.

Kwa bendi kama Super Matimila mapato ya kila siku yalitokana na kiingilio mlangoni, na mwanamuziki mmoja mmoja alitegemea pia kutuzwa na mashabiki. Kiongozi wa bendi alipaswa kuwafanya watu watoke majumbani wiki baada ya wiki. Remmy alifanya hivyo kwa kuimba mambo ambayo watu hao walikuwa wakiyaishi.

Maudhui ya nyimbo

Neno linalojirudia katika kazi ya Remmy ni mnyonge. Linaonekana katika majina ya nyimbo zake kama "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge". Mnyonge wa Remmy ni mtu asiye na fedha, asiye na mtu wa kumtetea, na mara nyingi asiye na sura ya kupendeza. Alijiweka mwenyewe katika kundi hilo na kujiita kwa utani "sura mbaya". Mashabiki walilipenda jina hilo, kwa kuwa lilimtofautisha na wanamuziki waliojisifu kwa mavazi na urembo.

Kifo ni mada ya pili. Katika "Kifo" anazungumza na kifo kama mtu anayeweza kulaumiwa, asiyechagua tajiri wala maskini. Nyimbo hizo zilisikika pia kwenye misiba, mahali ambapo kwa kawaida muziki wa dansi haukuwa na nafasi.

Alitumia sana methali na misemo. "Kipenda Roho" unatokana na methali isemayo kipendacho roho hula nyama mbichi, yaani anayependa hajali wengine wanasema nini. "Ndumila Kuwili" unahusu mtu mwenye ndimi mbili, anayesema jambo moja hapa na jingine kule. "Nalilia Mwana" ni kilio cha kutaka mtoto, jambo linalogusa ndoa nyingi. "Muziki Asili Yake Wapi" unauliza muziki ulianzia wapi. Wasikilizaji walijua methali hizo tangu utotoni, hivyo Remmy hakuhitaji maneno mengi ili aeleweke.

Aliimba pia kuhusu siasa. Wimbo "Mrema" ulimhusu Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupata umaarufu kwa hatua zake dhidi ya uhalifu na rushwa.

"Mambo kwa Soksi"

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwishoni mwa miaka hiyo ugonjwa ulikuwa umeenea, lakini kuzungumza hadharani kuhusu ngono na kinga kulikuwa jambo la aibu kwa wengi, na viongozi wa dini wengi walipinga kondomu.

Mwaka 1990 Remmy alitoa "Mambo kwa Soksi". Katika wimbo huo neno soksi linamaanisha kondomu, na ujumbe ni kwamba mwanamume asiende kwa mpenzi bila kuvaa. Fumbo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kwamba kila mtu alilielewa, watoto pamoja nao. RTD ilikataa kuupiga.

Kwa bendi iliyotegemea redio moja, kukataliwa huko kungeweza kuuzima wimbo. Badala yake ulipigwa ukumbini, ukanakiliwa kwenye kaseti na kujulikana sana. Neno soksi likaingia katika mazungumzo ya kawaida, na watu wakapata namna ya kutaja kondomu huku wakicheka. Kaseti zilizonakiliwa bila malipo, ambazo kwa upande mmoja zilimnyima mtunzi haki yake, ndizo zilizoufikisha ujumbe mahali ambapo redio haikutaka kuufikisha.

Safari za Ulaya

Katikati ya miaka ya 1980 kanda ya nyimbo za Super Matimila ilifika kwa waandaaji wa WOMAD nchini Uingereza. WOMAD ni tamasha la muziki wa dunia, ambalo mwanamuziki Peter Gabriel alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mwaka 1988 lebo ya WOMAD ilitoa Nalilia Mwana, mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa Tanzania, na bendi ikaalikwa kupiga Ulaya.

Mwaka 1989 bendi ilirekodi Songs for the Poor Man katika studio za Real World zilizoko Box, Wiltshire. Jina la albamu humaanisha nyimbo za mtu maskini. Ilikuwa miongoni mwa albamu za kwanza za kampuni ya Real World Records, iliyoanzishwa mwaka huohuo. Albamu ya pili kwa kampuni hiyo, Mambo, ilitoka mwaka 1992. Humo Remmy aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, ikiwemo "One World" na "No Money, No Life", ili wasikilizaji wapya wapate ujumbe wake.

Tofauti ya mazingira ilikuwa kubwa. Huko kila chombo kilisikika peke yake na sauti zilichanganywa kwa makini, ilhali rekodi za RTD zilinasa bendi nzima kwa pamoja. Tofauti nyingine ilikuwa katika jina. Jalada la albamu liliandika Remmy Ongala kwanza, kisha bendi. Dar es Salaam bendi ilihesabiwa kwa mwenye vyombo, lakini soko la nje lilimtambua mtunzi.

Hata hivyo hakuhamia Ulaya. Wasikilizaji wa huko walicheza bila kufuata Kiswahili, na nusu ya kazi yake ilikuwa katika maneno. Aliendelea kuishi Sinza, Dar es Salaam, na kupiga kwenye kumbi za jiji.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1990 vituo vipya vya redio na televisheni vilileta muziki wa kizazi kipya, uliokuja kuitwa Bongo Flava. Muziki huo ulitengenezwa studio kwa kompyuta na haukuhitaji bendi ya watu wengi wala vyombo vya gharama. Bendi za dansi zilipoteza vijana wengi.

Afya ya Remmy ilizorota. Aliugua kisukari na kupatwa na kiharusi. Katika miaka ya 2000 aliokoka katika Ukristo wa Kipentekoste, akaacha muziki wa dansi na kuimba nyimbo za Injili. Alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na umri wa miaka 63, na kuzikwa katika makaburi ya Sinza.

Urithi

Eneo alilokaa linajulikana kama "Sinza kwa Remmy", na kwa miaka mingi makondakta wa daladala wamekitaja kituo hicho kwa jina lake. Binti yake, Aziza Ongala, ni mwimbaji.

Katika historia ya dansi Remmy hutajwa pamoja na viongozi wa bendi kama Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na Super Volcano, na Marijani Rajabu wa Dar International. Mbaraka alikumbukwa kwa gitaa la solo na Marijani kwa sauti. Remmy anakumbukwa kwa maneno. Nyimbo zake hupigwa bado redioni katika vipindi vya zilipendwa, na "Kifo" husikika misibani, pengine mahali ambapo waliopo hawakuwa wamezaliwa alipoutunga.

Albamu

Nalilia Mwana (WOMAD, 1988)
Songs for the Poor Man (Real World, 1989)
Mambo (Real World, 1992)